Wageni wa Nyuma ya Nyumba
Mafundisho kwa wakatekumeni



Wapendwa wakatekumeni, leo tutazungumza juu ya jambo ambalo kila mmoja wenu analijua, kwani liko nyuma ya nyumba yake. Mchana mnafagia kiwanja, mnatwanga muhogo, mnaanika mahindi, na kuku wanadonoa mabaki. Jioni mnafunga mlango na kulala. Lakini kiwanja hakilali. Usiku panya hutoka mashimoni kutafuta punje. Kanu hushuka mtini akiwanyemelea kuku. Fungo hupita kuokota matunda yaliyoanguka. Popo huruka juu ya migomba na miembe, na bundi hutua juu ya paa na kulia. Asubuhi mwaona nyayo, manyoya na mbegu zilizotemwa. Mchana nao una wageni wake: kinyonga hutembea polepole juu ya ua, nguchiro hukatiza njia, na nyoka hujificha katika lundo la kuni.

Wageni hawa hawakualikwa na mtu. Wengine kati yetu huwaogopa, wengine huwachukia, wengine huwaua wote bila kuchagua. Mkristo afanyeje? Na ninyi mnaojitayarisha kupokea Ubatizo, mwasemaje? Tutafute jibu katika neno la Mungu, na katika akili ambayo yeye mwenyewe ametupa. Tutaona mambo matatu: kwanza, wanyama hawa ni wa nani, pili, hofu ya uchawi inayowafuata, tatu, namna ya kukaa nao kwa busara.

1. Wanyama hawa ni wa nani?

Kitabu cha Mwanzo chatufundisha kwamba Mungu aliwaumba wanyama wa nchi, kila mmoja kwa namna yake, akaona kuwa ni vizuri. Angalieni utaratibu huo. Mtu alikuwa hajaumbwa bado, naye Mungu alikwisha kuona kwamba kazi yake ni njema. Basi uzuri wa mnyama hautoki katika faida tunayoipata kwake. Watoka kwa Mungu aliyemfanya.

Baadaye Mungu alimkabidhi mtu viumbe hivyo. Lakini kukabidhiwa si kupewa ruhusa ya kuharibu. Mtu akisafiri, akakuachia mbuzi wake, je, waweza kuwapiga na kuwavunja miguu kwa sababu mwenyewe hayupo? Akirudi atakudai hesabu. Nasi tutadaiwa hesabu.

Tena, baada ya gharika, Mungu alifanya agano na Noe. Wengi husahau kwamba agano lile halikuwa na Noe na wanawe tu, bali pia na kila kiumbe hai kilichotoka katika safina. Katika kitabu cha Kutoka, Mungu aliwaagiza Waisraeli waache shamba lipumzike mwaka wa saba, ili maskini wapate kula, na wanyama wa porini wale kinachobaki. Katika Torati aliwakataza kumkamata ndege mama pamoja na makinda yake. Naye nabii Yona alipokasirika kwa kuwa mji wa Ninawi haukuangamizwa, Mungu alimkumbusha watu wake zaidi ya 120,000, kisha akaongeza kuwataja wanyama wengi waliokuwamo. Mwisho, Bwana wetu Yezu Kristo alitufundisha kwamba hata shomoro, anayeuzwa kwa senti ndogo kabisa, haanguki chini pasipo Baba kujua.

Je, tuseme kwamba mnyama ni sawa na mtu? Hasha. Mtu peke yake ameumbwa kwa sura ya Mungu, naye ana roho isiyokufa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yasema wazi kwamba ni halali kutumia wanyama kwa chakula na mavazi. Baba anayewinda ili watoto wake wale hatendi dhambi, akifuata sheria ya nchi. Lakini Katekisimu hiyo hiyo yasema kwamba kuwatesa wanyama au kuwaua bure ni jambo lisilostahili heshima ya mtu. Mtoto anayemfunga popo kamba na kumchoma moto ili wenzake wacheke anajifunza ukatili, na kesho ataufanya kwa mdogo wake. Wazazi, msicheke pamoja naye.

Wala msidhani kwamba ni sisi peke yetu tuliopewa wageni wa namna hii. Kule Marekani yuko mnyama mmoja wa usiku aitwaye oposamu, mkubwa kama paka, mwenye mkia mrefu usio na manyoya. Huja nyuma ya nyumba za watu kutafuta mabaki ya chakula. Jike lake lina mfuko tumboni, na watoto wake hukua humo wakinyonya. Wakishakua kidogo huwabeba mgongoni. Akishikwa na hofu kubwa huanguka kama aliyekufa, mdomo wazi, asitikisike hata akisukumwa; hatari ikipita huamka na kwenda zake. Kwa sura hapendezi, lakini Mungu amempa mnyonge huyo kinga yake, wala hakumsahau. Kanu wetu na bundi wetu hakuwasahau vilevile.

2. Hofu ya uchawi

Sasa tufike penye jambo zito. Katika vijiji vingi watu husema: bundi akilia juu ya paa, mtu atakufa. Mtoto akiugua baada ya hapo, hawaulizi ugonjwa gani, huuliza nani amemtuma bundi. Na nani huonekana kuwa na hatia? Mara nyingi ni mama mzee, mjane, asiye na mwana wa kumtetea, mwenye macho mekundu kwa moshi wa jiko la miaka mingi. Wanamwita mchawi. Wanamfukuza, wanachoma nyumba yake, na hata kumwua. Wala haya si mambo ya zamani tu. Mwaka 2021, katika Kivu ya Kusini, wanawake kadhaa waliuawa kwa sababu walisingiziwa uchawi.

Tumwangalie basi ndege huyu ambaye watu humwita shahidi wa kifo. Bundi ana uso wa duara kama sahani, unaokusanya sauti na kuzipeleka masikioni. Manyoya yake ni laini, hata akiruka hasikiki. Kwa kusikia tu aweza kumkamata panya gizani. Humla mzima, kisha hutapika kitonge cha mifupa na manyoya yasiyoyeyuka tumboni. Nendeni chini ya mti au dari anamolala, mtaviona vitonge hivyo vimekauka. Mvipasue kwa kijiti, kisha mnawe mikono kwa sabuni. Darasani kwetu watoto wamefanya hivyo, wakapanga juu ya karatasi mafuvu ya panya, meno ya panya na mbavu za panya. Hawakuona kitu cha mtu. Panya wale ndio waliokuwa wakila mahindi yenu ghalani. Bundi hakutumwa na mtu; anatafuta chakula, naye analinda chakula chenu bila kudai mshahara.

Labda mmoja wenu atasema: "Lakini mwalimu, ni kweli alilia, na ni kweli mgonjwa alikufa." Nami nakujibu: penye mgonjwa taa huwaka usiku kucha, na wadudu huifuata taa, na bundi wadogo huwafuata wadudu. Ndugu wengi huja na chakula, mabaki yakaanguka, panya wakayafuata, na bundi akawafuata panya. Tena watu wamekaa macho, wanasikia kila sauti. Ndege huyo alilia pia mwezi uliopita, nanyi mlikuwa mmelala. Na alilia juu ya nyumba nyingi ambamo hakuna aliyekufa, ila usiku huo haukumbukwi na mtu.

Vivyo hivyo kinyonga. Wengi humkimbia wakisema ana sumu, au kwamba akimgusa mtu ataleta laana. Kinyonga hana sumu. Chakula chake ni nzi, panzi na wadudu wengine, anaowanasa kwa ulimi mrefu. Rangi yake hubadilika kwa joto, kwa mwanga na kwa hofu. Na popo? Wale wadogo hula wadudu wa usiku, pamoja na mbu. Wale wakubwa hula matunda na kutawanya mbegu, hata miti ikaota mahali ambapo hakuna mtu aliyepanda.

Nimetaja mbu. Huyu ndiye mgeni mdogo kuliko wote, wala hakuna amwitaye mchawi. Lakini ndiye aletaye malaria, inayoua watoto wengi sana katika nchi yetu kila mwaka. Angalieni jinsi Shetani anavyotudanganya. Tunamrushia mawe bundi, tunamfukuza mama mzee, tunatumia siku tatu kwa mganga ili tujulishwe adui. Na wakati huo mbu anauma, homa inapanda, na mtoto anakufa bila dawa. Hofu imetufumba macho, tusimwone adui wa kweli.

Mkatekumeni, hesabu sasa dhambi zilizotoka katika mlio mmoja wa bundi. Kumwendea mpiga ramli ni dhambi juu ya amri ya kwanza. Kumsingizia mama asiye na kosa ni dhambi juu ya amri ya nane. Kumpiga na kumwua ni dhambi juu ya amri ya tano. Na ndege hakufanya lolote ila kulia, kama Mungu alivyomuumba.

Siku ya Ubatizo wako utaulizwa mara tatu mbele ya watu wote kama unamkataa Shetani na kazi zake na fahari zake. Utajibu kwamba unamkataa. Lakini jibu hilo halitapimwa kanisani, penye nyimbo na nguo nyeupe. Litapimwa usiku mmoja, mtoto wako akiwa na homa na bundi akilia juu ya paa, na jirani akija mlangoni kukunong'oneza jina la mjane. Usiku huo ndipo itakapoonekana unamtumaini nani. Jitayarishe tangu sasa. Fanya ishara ya msalaba. Mpe mtoto maji. Kukipambazuka, au hata kabla ya mapambazuko ikiwa hali ni mbaya, mpeleke kwa waganga wa hospitali. Naye jirani mwambie kwa sauti ya upole: "Ndugu yangu, jina hilo sitalipokea." Kisha umtembelee yule mama, umpelekee hata kikapu cha sombe, ili watu waone kwamba hayuko peke yake.

3. Namna ya kukaa nao kwa busara

Kutoogopa uchawi si kuacha kuwa na akili. Bwana wetu alitaka wanafunzi wake wawe wapole kama njiwa na wenye busara kama nyoka. Wageni wengine ni wezi, na wengine ni wa hatari. Sikilizeni basi maneno ya nyumbani.

Kuku. Kanu akimwiba kuku, usianze kwa kumkasirikia kanu. Anza kwa kuangalia banda. Kanu hupanda mti kama paka, hivyo miguu mirefu ya banda peke yake haitoshi. Ziba nyufa, paa liwe imara, mlango ufungwe kabla ya giza kuingia. Nguchiro huja mchana kutafuta mayai na vifaranga. Okota mayai mapema, na vifaranga wafunikwe kwa tenga. Banda likiwa zuri, kanu atarudi porini na kula panya, nawe utakuwa umepata msaidizi.

Ghala. Jenga ghala juu ya nguzo, na kila nguzo uivike bati lililokunjwa kama kofia, ili panya asipite. Usiache mabaki ya chakula kiwanjani usiku. Chimba shimo la takataka, ulifunike. Kata majani marefu karibu na nyumba, na lundo la kuni liwe mbali na mlango, kwani nyoka huwafuata panya, na panya hufuata uchafu wetu.

Sumu. Watu wengine huchanganya dawa ya mashamba na unga, wakaitega usiku. Jambo hili ni la hatari sana. Panya aliyekula sumu huliwa na bundi, na bundi hufa. Kisha panya huongezeka, kwa maana mlinzi hayupo. Mbwa hufa, kuku hufa. Na mtoto anayetambaa hajui kutofautisha unga wa chakula na unga wa kifo. Tumia mtego, au fuga paka.

Magonjwa. Mwaka 1970, huko Basankusu katika nchi yetu, ugonjwa uitwao sasa mpox ulijulikana kwa mara ya kwanza katika mwili wa mtu, naye alikuwa mtoto mchanga. Mwaka 1976 ugonjwa wa Ebola ulitokea Yambuku, penye misioni ya Kikatoliki. Masista waliowatunza wagonjwa walikufa pamoja nao. Wataalamu wamefundisha kwamba magonjwa ya namna hii huweza kutoka kwa wanyama wa porini. Basi, msiokote mnyama aliyekutwa amekufa, wala msimle, hata njaa ikiwauma. Mtoto asicheze na popo wala kindi wala nyani. Tunda lililotafunwa na popo litupwe. Nyama ya porini iliyo halali ipikwe mpaka iive kabisa, na mikono ioshwe kwa sabuni.

Kichaa cha mbwa. Mkimwona mnyama wa porini akija mchana bila woga, akiyumbayumba au kutokwa na mate, kaeni mbali naye. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku ile ile apate chanjo. Asingoje dalili, kwani dalili zikishatokea dawa haipo tena. Aliyeumwa na nyoka vilevile: msimchanje, msimfyonze, atulie, mguu usitikisike, abebwe upesi hospitalini.

4. Mfano wa watakatifu

Mtakatifu Martini wa Porres alizaliwa Lima, nchi ya Peru, mwaka 1579. Mama yake alikuwa mwanamke mweusi aliyewekwa huru kutoka utumwani, na baba yake Mhispania. Watu walimdharau kwa sababu ya rangi yake. Aliingia katika nyumba ya Wadominiko, akawa bruda, akafagia, akanyoa nywele, akatunza wagonjwa. Ndiyo maana mara nyingi sanamu yake humwonyesha ameshika ufagio. Masimulizi yasema kwamba panya walikuwa wakitafuna nguo za sakristia, na wenzake walitaka kuwategea sumu. Martini alimshika panya mmoja, akamwambia awaongoze wenzake watoke nyumbani, naye atawapelekea chakula bustanini, nao wakatoka. Yeye aliyedharauliwa na watu hakudharau kiumbe chochote. Alikufa mwaka 1639, naye Papa Yohane wa 23 alimtangaza mtakatifu mwaka 1962. Sikukuu yake ni tarehe 3 Novemba.

Tena mwajua habari za Mtakatifu Fransisko wa Asizi, aliyewaita viumbe vyote ndugu na dada. Papa Fransisko, aliyechagua jina lake, alitoa mwaka 2015 barua kwa ulimwengu mzima juu ya kuitunza dunia kama nyumba yetu sote. Alifundisha humo kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini havitengani. Nasi tumekwisha kuona kwamba ni kweli: pale bundi anapouawa kwa hofu, mjane naye hayuko salama.

Hata panya mkubwa wa porini, panya buku, ambaye sisi twamjua kwa wizi tu, ameonyesha alivyopewa na Mungu. Huko Morogoro, Tanzania, hufundishwa kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini wakati wa vita. Mmoja wao, aliyeitwa Magawa, alipelekwa Kambodia, akagundua mabomu na silaha zilizofichika zaidi ya 100, watu wakalima tena bila kukatwa miguu. Mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu. Tusiseme upesi kwamba kiumbe fulani hakina kazi.

5. Maswali na majibu

Swali: Nani aliwaumba bundi, kinyonga na popo?
Jibu: Ni Mungu mwenyewe, naye hakuumba kitu kibaya.

Swali: Je, mlio wa bundi waweza kumwua mtu?
Jibu: Hapana. Uhai wetu umo mikononi mwa Mungu.

Swali: Anayemsingizia jirani uchawi atenda dhambi gani?
Jibu: Avunja amri ya nane, na jirani akipigwa au kuuawa kwa ajili ya maneno yake, ashiriki dhambi ya amri ya tano.

Swali: Je, ni dhambi kumwua mnyama anayetuletea hatari?
Jibu: Si dhambi, ikiwa hakuna njia nyingine ya kujilinda. Kumtesa au kumwua bure ndiko kubaya.

Swali: Mkristo afanye nini kwanza mtu akiugua usiku?
Jibu: Asali, amtunze mgonjwa, ampeleke hospitali. Asitafute wa kumlaumu.

Wapendwa, wiki hii fanyeni mambo mawili. Tengenezeni banda la kuku kabla ya Jumamosi. Na siku ya Dominika, baada ya mafundisho, mmoja wenu amtembelee mzee anayeogopwa kijijini, akae naye barazani mchana kweupe, watu wote wakiona.

Tusali: Ee Mungu Baba, uliyeumba mchana na usiku na vyote vinavyotembea ndani yake, utuondolee hofu inayotufanya tuwachukie ndugu zetu. Utupe busara ya kulinda watoto wetu na chakula chetu, na moyo mpole kwa viumbe vyako. Uwakinge wajane na wazee wanaosingiziwa. Twaomba hayo kwa Kristo Bwana wetu. Amina.